Jina Jipya na Sauti Mpya

Bendi za muziki huzaliwa kama miji. Ni nadra mji kuota mahali pasipokuwa na mtu. Aghalabu watu hutoka katika vijiji vya jirani, kila mmoja na mzigo wake, lugha yake na desturi zake za kupika na kuamkiana, wakakutana penye maji, wakajenga. Ndivyo ilivyo kwa bendi. Mpiga gitaa hutoka huku, mwimbaji hutoka kule, na mpiga ngoma ni mtu ambaye kundi lake lilivunjika mwaka uliopita. Hukutana, hujaribu wimbo mmoja, huona kwamba mikono yao inapatana, kisha hutafuta jina. Siku jina linapopatikana watu husema kwamba bendi mpya imezaliwa.

Msemo huo ni wa haraka. Jina laweza kupatikana kwa dakika moja, tena na watu waliokaa chini ya mti bila ya chombo chochote mkononi. Sauti ni kazi ya miezi, na pengine ya miaka. Katika insha hii nataka tuchunguze tofauti iliyo baina ya mambo hayo mawili, ili msomaji kijana, ambaye kesho huenda akawa mpigaji au msikilizaji, awe na kipimo cha kuhukumia anachokisikia. Pasipo kipimo, sifa huwa kelele na lawama huwa matusi.

Swali hili lina uzito wake katika nchi ya Turkana. Lodwar, makao makuu ya kaunti, uko kando ya mto Turkwel. Kakuma uko upande wa kaskazini magharibi, mwendo wa kilomita 120 hivi, kando ya mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mwaka wa 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, na miongoni mwa watu wa kwanza kuingia walikuwa wavulana wa Sudani waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka wa 2016 makao ya Kalobeyei nayo yalianza kupokea watu. Leo mahali hapo pawili pana watu zaidi ya laki mbili.

Mtu akimbiapo vita aweza kuacha sufuria, lakini wimbo hufuatana naye. Wakongo walikuja na gitaa la rumba vidoleni. Warundi walikuja na ngoma. Watu wa Sudani Kusini walikuja na nyimbo za kanisa na nyimbo za ng'ombe. Wengi wao nyuma yao kulikuwa na kundi: kwaya iliyotawanyika, bendi ambayo wapigaji wake wengine hawakuvuka mpaka, kikundi cha vijana kilichokoma siku risasi zilipoanza. Lodwar nako, ijapokuwa hakuna aliyekimbia vita, makundi huvunjika kila mwaka. Kidato cha nne kinapomaliza mitihani, kwaya ya shule hubaki nusu. Mpiga kinanda wa kanisa hupata kazi Eldoret au Nairobi. Kikundi kilichokuwa kikiimba harusini hugombana juu ya malipo na kuachana.

Kwa hiyo bendi ya vijana inayoanza katika nchi hii, iwe ya roki, ya rumba au ya nyimbo za dini, huundwa karibu siku zote na masalio ya makundi mengine. Jambo hilo wala si aibu wala si sifa. Kinachotupasa kuuliza ni hiki: masalio hayo yamekuwa kitu kimoja, au yamewekwa pamoja tu kama vyombo vya wapangaji watano katika ua mmoja?

Wasikilizaji wengi huhukumu bendi mpya kwa sifa za waliomo. Husema: fulani alikuwa hodari katika kundi lake la kwanza, na fulani hana mfano katika ngoma, basi wakikutana hapana wa kuwashinda. Hesabu hiyo ni ya sokoni, ambako mbuzi watatu wazuri ni bora kuliko mmoja. Muziki una hesabu nyingine. Ili tuione vizuri, na twende mbali kidogo, mpaka Uingereza, ambako muziki wa roki ulikuwa ukikua kwa kasi katika miaka ya 1960.

Mwaka wa 1966 wapigaji watatu waliokwisha kujulikana walikutana London wakafanya bendi. Eric Clapton alikuwa mpiga gitaa aliyepitia The Yardbirds na kundi la John Mayall. Jack Bruce wa besi na Ginger Baker wa ngoma walikuwa wametoka katika kundi moja la Graham Bond, tena huko walikuwa wamekwisha gombana vikali. Walijiita Cream, yaani malai, kwa kuwa walijiona kuwa ndio waliotwaliwa juu ya maziwa ya wapigaji wote wa nchi yao. Hapana awezaye kukana ustadi wao. Gitaa, besi na ngoma zao zilifungua njia ambayo bendi nyingi za roki ziliifuata. Lakini ugomvi wa zamani waliingia nao, na juu ya jukwaa mara nyingi watatu hao walipiga kama watu watatu wanaosema kwa pamoja, kila mmoja akipandisha sauti yake ili asifunikwe. Novemba mwaka wa 1968 waliagana na watazamaji wao mjini London. Bendi ilikuwa imeishi miaka miwili na kitu.

Wasomaji wa Turkana hawahitaji kufundishwa habari za malai. Mama aliyekaa na kibuyu cha maziwa magotini anajua kwamba mafuta hayaji juu kwa kuwa yana jina zuri. Huja kwa kusukwasukwa. Huchukua muda, mkono huchoka, na katikati ya kazi hakuna dalili yoyote kwamba kitu kinatendeka ndani. Wale wa London walikuwa na mafuta tangu siku ya kwanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesukwa katika kundi lake la zamani. Kilichopungua ni kusukwa pamoja. Ustadi wa mtu mmoja mmoja waliuleta. Subira ya mmoja kwa mwenziwe hawakuipata.

Sasa turudi kwetu, maana Afrika ya Mashariki ina mfano ulio bora, na uzuri wake ni kwamba kila mtu mwenye redio amekwisha usikia. Katika miaka ya 1960, mjini Tanga, ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walikuwa wapigaji katika bendi ya Jamhuri Jazz. Mwaka wa 1970 walikwenda Arusha, na mwaka wa 1971 wakavuka mpaka kuingia Kenya, ambako walianzisha Simba Wanyika. Tazama kwamba hata bendi mama ilikuwa yenyewe ni mtoto: ilibeba namna ya Tanga ya kupiga gitaa na Kiswahili cha Tanga cha kuimbia, ikaviweka Nairobi penye santuri na wanunuzi.

Mwaka wa 1978 Simba Wanyika ilipasuka. Waliotoka walikuwa nguzo za nyumba: Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, wa gitaa la rithim, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma. Wakajiita Les Wanyika. John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga katika bendi nyingine huko Kenya, alijiunga nao, naye akawa mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Issa Juma alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo, na baadaye yeye pia akaongoza Wanyika nyingine. Majina hayo yenye neno moja yaliongezeka hata msikilizaji wa kawaida akapotea njia.

Angalia jina walilojipa. Nusu yake, Wanyika, waliichukua kwa bendi waliyoihama. Nusu ya pili, Les, ni neno la Kifaransa, nalo walilichukua kwa bendi za Kongo, ambazo kwa wakati ule ndizo zilizokuwa na heshima Nairobi. Hapana kitu kipya hata herufi moja katika jina hilo. Lau bendi zingehukumiwa kwa majina, Les Wanyika ingehukumiwa kuwa nakala ya nakala.

Walakini walifanya jambo moja ambalo vijana wengi hawalifanyi. Baada ya kukusanyika walijifungia katika mazoezi kwa muda wa miezi sita kabla ya kusimama mbele ya watu katika klabu ya Garden Square, Nairobi. Fikiri maana yake. Watu hawa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wamepiga kwa miaka, walikuwa na santuri nyuma yao, na kila mwezi waliokaa bila ya kupiga ulikuwa mwezi bila ya mapato. Wangeweza kusimama jukwaani juma la pili wakapiga nyimbo za zamani, na watu wangecheza. Waliona kwamba wakifanya hivyo wataitwa Simba Wanyika iliyopungukiwa. Wakakubali kukaa kimya ili watoke wakiwa kitu kingine.

Matunda ya miezi hiyo tunayasikia katika wimbo wa Sina Makosa, ambao ndio uliowapa jina. Habari yake ni ya kawaida: mtu anajitetea katika jambo la mapenzi ya siri, na katika kujitetea kwake tunaona jinsi alivyonaswa. Maneno ni machache, Kiswahili chake ni chepesi, na mtunzi hatoi hukumu. Lakini tuache maneno tusikilize vyombo. Gitaa la rithim huanza kazi yake na haliiachi. Ni dogo, kavu, linarudia mwendo wake bila ya kujionyesha, kama mtu anayepiga makasia. Besi hainguruma mfululizo. Husema neno, hunyamaza, kisha husema tena, na kule kunyamaza kwake ndiko kunakomfanya mchezaji ainue mguu. Ngoma haigombani na besi. Hujaza pale ilipoacha. Gitaa la solo huingia kama mgeni mwenye adabu, likasema lililo lake, likaondoka. Hakuna chombo kinachozibwa na kingine. Ungeweza kumwondoa mpigaji yeyote kwa fikira na ukaona mara moja shimo lililobaki.

Hapo ndipo ninapoona sauti mpya. Hakuna mpigo mmoja katika wimbo huo ambao wapigaji wale hawakuujua walipokuwa Simba Wanyika. Namna ya kupiga gitaa ni ya Tanga, mwendo una damu ya rumba, lugha ni ileile. Kilicho kipya ni nafasi baina ya vyombo. Kila mmoja alitoa kitu: huyu alitoa sehemu ya sifa yake, yule alitoa wingi wa mapigo yake, mwingine alitoa haki ya kuwa mbele. Vitu hivyo vilivyotolewa, ambavyo havisikiki, ndivyo vilivyowafanya wasikike.

Sifa isizidi kiasi. Mhakiki mwenye haki atasema pia kwamba njia waliyoipata waliipenda mno, wakaipitia mara nyingi. Anayesikiliza nyimbo zao kumi mfululizo huona kwamba baadhi zina mwili mmoja na nguo mbalimbali. Tena Simba Wanyika haikufa kwa kuhamwa; iliendelea mpaka miaka ya 1990, ikatoa nyimbo ambazo watu waliozipenda hawakuona upungufu wowote. Kupasuka kwa bendi, basi, si lazima kuwe msiba. Nyumba moja iligawanyika, zikapatikana nyumba mbili zenye taa.

Wala si kila kupasuka huishia hapo. Bendi ya Kongo ya African Jazz, iliyokuwa chini ya Joseph Kabasele, iliachwa mwaka wa 1963 na Tabu Ley Rochereau na mpiga gitaa Nico Kasanda, wakaanzisha African Fiesta. Muziki wao ulikuwa mtamu kupita kiasi. Lakini baada ya miaka miwili tu wakubwa hao nao waliachana, na African Fiesta ikawa makundi mawili, kila mmoja na lake. Mtu aliyezoea kutoka huona mlango upesi kuliko anavyoiona meza. Bendi iliyozaliwa kwa kuhama hurithi pamoja na ustadi ule mwepesi wa kuhama, na isipoulinda mlango wake itaondokewa kama ilivyoondoka.

Kwa wapenzi wa roki, yaani muziki wa magitaa yenye nguvu na sauti ya kukwaruza, uko mfano wa karibu pia. Mwaka wa 1970 ilianzishwa Dar es Salaam bendi ya vijana iliyoitwa Sunburst. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo, na mpiga gitaa wake, Hembi Flory Kongo, alitoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa baadaye katika miaka hiyo. Baada ya muda walihamia Zambia, na mwaka wa 1976 ikatoka santuri yao iliyoitwa Ave Africa. Ndani yake kuna roki na soul ya Kimarekani, kuna Kiswahili, na kuna midundo ambayo mzee wa kijijini angeitambua. Mchanganyiko huo mahali pengine umeiva, na mahali pengine unasikia kijiti cha ngoma ya jadi kikingoja gitaa limalize. Bendi haikudumu, na kwa miaka mingi santuri hiyo ilikuwa kitu cha nadra. Mwaka wa 2016 ilitolewa upya London, na vijana waliozaliwa baada ya bendi kufa wakashangaa kwamba Dar es Salaam ilikuwa na muziki wa namna hiyo.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu ya Mkongo yule aliyekuwa ndani yake. Watu wa nchi mbili walikaa katika bendi moja, wakatafuta sauti ambayo haikuwa ya nchi ya mmoja wao peke yake. Hilo ndilo ambalo hali ya Turkana inaliita. Baina ya mwenyeji na mkimbizi pana maneno mengi: kuni, maji, kazi, malisho. Mara nyingine maneno hayo yamemwaga damu. Wimbo hauwezi kuchimba kisima, na anayedai kwamba muziki utaondoa ugomvi wa maji anawadanganya wenye kiu. Lakini watu watano wakikaa miezi sita katika chumba kimoja, kila mmoja akijifunza kunyamaza ili mwingine asikike, wamefanya jambo ambalo mikutano mingi haikulifanya.

Katika bendi ya namna hiyo Mturkana ataleta nini? Hapa nasema kwa msisitizo, maana kosa hufanyika mara nyingi mahali hapa. Muziki wa Kiturkana ni wa sauti na miguu. Katika mchezo wa edonga watu huruka na kukanyaga ardhi kwa pamoja, na mdundo wake hutoka katika nyayo na makofi. Mwanamume huimba wimbo wa fahali wake, akausifu rangi yake na pembe zake. Wimbo ule ni mali yake, na wengine humwitikia. Kuna mmoja anayeongoza, kuna wengi wanaojibu, na baina yao kuna pumzi. Kila mwanafunzi aliyekaa karibu na mchezo huo usiku wa mbalamwezi anaijua pumzi hiyo, hata kama hajawahi kuitafutia neno.

Nimesikia mara nyingi, katika sherehe za shule na katika matamasha ya mjini, wimbo unaoanza kwa mwito wa Kiturkana. Mwimbaji huja na manyoya kichwani, huita mara mbili, watu hushangilia. Kisha kinanda cha umeme huingia na mdundo uliotiwa ndani yake kiwandani, na tangu hapo mpaka mwisho hakuna Turkana tena. Mwito ule ulikuwa pambo la mlangoni. Vivyo hivyo gitaa la Mkongo huitwa kuja kupamba wimbo wa mwenyeji, likapewa nafasi ya kucheka mahali pawili, likanyamazishwa. Kazi kama hizo hupigiwa makofi kwa sababu kila mtu ameona kilicho chake kwa nukta chache. Mimi naziita heshima za kuazimana.

Njia iliyo ngumu zaidi, na yenye faida zaidi, ni kuuliza kila urithi unafanya kazi gani, kisha kuupa kazi hiyo. Nyayo za edonga zaweza kuwa ndizo ngoma ya bendi, na mpiga dramu akazifuata badala ya wao kumfuata yeye. Besi yaweza kujifunza kungoja pumzi ile iliyo baina ya mwito na kiitikio, kama besi ya Tom Malanga ilivyojua kungoja. Gitaa la roki, lenye sauti ya kukwaruza, laweza kuwa miongoni mwa waitikiaji na lisiwe kiongozi. Sisemi kwamba matokeo yatakuwa mazuri siku ya kwanza. Nasema kwamba hiyo ndiyo kazi, na miezi sita si mingi kwake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kijana mmoja atasema: mwalimu, sisi tunapenda roki kama ilivyo, mbona kila Mwafrika akishika gitaa la umeme huambiwa achanganye na mila? Waliopiga London walichanganya na mila ya nani? Pingamizi hilo ni la haki, nami silikwepi. Kijana wa Lodwar ana ruhusa ya kupiga roki kama kijana wa Chicago, bila ya kutoa sababu, na hapana sheria ya sanaa inayomtaka avae shanga. Lakini roki yenyewe ilitoka kwa watu weusi wa Marekani, waliokuwa wakiimba mwito na kiitikio mashambani na makanisani. Na wale wa London, Clapton akiwa mbele, walijifunza kwa kusikiliza santuri za watu hao. Kwa hiyo kijana anayepiga roki ameshika tayari upande mmoja wa kamba ambayo upande wake wa pili uko Afrika. Akitaka kuuvuta, auvute. Asipotaka, na apige roki safi. Tutamhukumu kwa kipimo kilekile cha kusikilizana.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi, nalo latoka Kakuma. Mpigaji mkimbizi hajui atakuwa wapi mwaka ujao. Kwa miaka mingi amehitaji kibali hata kusafiri nje ya kambi, na njia ya kwenda Lodwar kufanya mazoezi haikuwa yake kama ilivyo ya mwenziwe. Mara nyingine jina lake hutokea katika orodha ya wanaohamishiwa nchi za mbali, na baada ya majuma machache gitaa lake liko Marekani au Kanada. Ya nini basi kusukwa miezi sita na mtu atakayeondoka?

Jibu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kusukwa. Kundi linalosimama juu ya mtu mmoja hufa siku anayoondoka. Kundi lililojenga namna yake ya kupiga hupata mtu mwingine, likamfundisha namna hiyo, likaendelea. Tena aliyeondoka huenda nayo. Kama namna ya Tanga ilivyosafiri kutoka Jamhuri Jazz mpaka Nairobi, ikazaa mara mbili, ndivyo namna ya Lodwar na Kakuma, ikipatikana, itakavyoweza kusafiri ndani ya vidole vya kijana mmoja mpaka miji ambayo haijalisikia jina la mto Tarach.

Sasa msomaji, utakapoalikwa kusikiliza bendi mpya iliyotoka katika bendi za zamani, usiulize kwanza ni nani waliomo. Jiulize maswali matatu. La kwanza: kila mpigaji ameacha nini? Ikiwa kila mmoja anapiga yote aliyokuwa akiyapiga huko alikotoka, bado hawajakutana. La pili: je, kuna mahali ambapo chombo kinanyamaza ili kingine kisikike? Hesabu unyamavu kama unavyohesabu mapigo. La tatu: ukimwondoa mmoja kwa fikira, wimbo utabaki na shimo la umbo lake, au hakuna atakayegundua? Palipo shimo, palikuwa na mtu. Pasipokuwa na shimo, alikuwa abiria.

Maswali hayo hayahitaji elimu ya noti. Yanahitaji masikio na subira, na vyote viwili vinapatikana Turkana, ambako mtoto wa miaka saba humtambua mbuzi wake kwa sauti katika zizi la mbuzi mia. Mhakiki mzuri ni mchungaji wa namna hiyo. Hasikii kundi tu. Humsikia kila mmoja ndani ya kundi, na akipungua mmoja anajua.

Nanyi mtakaoshika vyombo, jina chagueni siku yoyote mpendayo. Likiwa la kuazima, halitawadhuru. Lakini kabla ya kulipaka rangi juu ya kitambaa na kulitundika ukutani, fungeni mlango, kaeni pamoja mpaka kila mmoja ajue pumzi ya mwenziwe, na mtoke siku ambayo watu wakiwasikia gizani, bila ya kuwaona wala kuambiwa ni nani, watasema kwamba sauti hiyo hawajaisikia mahali pengine.